Nyamizi Hakujikuna

Juzi nilikuwa uani kwangu hapa Kiseke, Mwanza, napukuchua mahindi ya makande, mgongo ukaniwasha pale pale ambapo mkono haufiki. Nikachukua gunzi, nikalipitisha chini ya blauzi, nikajikuna mpaka macho yakajifumba yenyewe. Mjukuu wangu Kabula akatoka ndani akanikuta hivyo.

"Bibi jamani! Kwani wewe ng'ombe?"

"Ng'ombe anajikuna kwenye mti. Mimi nina gunzi."

"Siku hizi kuna vijiti vya kujikunia, vya plastiki, vina vidole kabisa. Nitakununulia kule Mabatini."

"Kajikune navyo wewe."

Akacheka, akarudi ndani na simu yake. Mimi nikabaki na gunzi mkononi, nikalinusa. Gunzi kavu lina harufu ya vumbi tamu, vumbi la ghalani, na harufu ile ikanichukua moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mama yangu, nikiwa msichana mwenye mapengo.

Wenzangu wa rika langu hamna haja ya kuelezwa. Ninyi mlimeza klorokwini. Watoto wa siku hizi wanapewa dawa ya mseto, wanameza wanakwenda kucheza. Yetu ilikuwa chungu, ukishaimeza hata mate yanabaki machungu mpaka jioni. Lakini uchungu haukuwa kitu. Kazi ilikuwa mwasho. Unameza asubuhi, jua likipanda viganja vinaanza, zinafuata nyayo, kinafuata kichwa, halafu mwili mzima kama umevingirishwa kwenye upupu. Ukilala unawashwa, ukisimama unawashwa, ukikimbilia ziwani kuoga ndiyo umeuchokoza. Hakuna alama hata moja kwenye ngozi, lakini unatamani uivue uitundike.

Kwetu ni ng'ambo ya Mwanza, si mbali na kivuko cha Kamanga. Nyumba yetu ilikuwa na magunzi yake maalumu. Bibi, mama yake baba, aliyachagua mwenyewe wakati wa kupukuchua: yaliyonyooka, makavu, yasiyo na ncha za kuchana ngozi. Aliyachomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango. Mtoto akishikwa malaria anapewa vidonge, na gunzi linashushwa. Jirani akija kukupa pole alikuja na gunzi la kwao mkononi, anakaa nyuma yako, anakukuna mgongo huku anakuletea habari za kijiji, nani kaolewa, mbuzi wa nani kala pamba ya nani. Mgonjwa asiyekunwa na majirani alikuwa mgonjwa asiye na watu.

Bibi alikuwa na elimu yake juu ya jambo hilo na hakuna aliyembishia. Alisema malaria inakaa ndani ya damu, dawa ikiingia inaifukuza, na haina mlango mwingine wa kutokea ila ngozi. Kwa hiyo anayewashwa sana ana damu kali, damu inayopigana. Asiyewashwa damu yake imepoa. Kulikuwa na binamu yetu mmoja aliyemeza klorokwini akalala usingizi kama paka, hakujikuna hata mara moja. Tulimcheka mpaka akaanza kujikuna kwa uongo.

Mimi nilikuwa bingwa. Nasema kweli, wala sioni haya. Nilijikuna kwa gunzi, kwa mkeka, kwa nguzo ya mlango, nikaenda kujigaragaza kwenye mchanga wa ufukweni walipoanika dagaa, nikarudi nyumbani na magamba mgongoni nanuka kama kikapu. Bibi aliwaita watu waje waone. "Tazameni damu ya kwetu hii!" Na mimi najikuna nanyoosha shingo kama niliyepewa zawadi. Niliujua mwasho kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Niliujua unavyoanza, unavyodanganya kwamba umetulia, na jinsi unavyoushika mkono wako ukaupeleka unakotaka hata ukiwa usingizini.

Sasa Nyamizi. Nyamizi ni dada yangu mkubwa, wakati ule msichana mrefu mwenye shingo, ambaye vijana walikuwa wanapita kwetu kuulizia kuku wasiouzwa. Akashikwa na kifua. Alikohoa mpaka anashika mbavu, joto likapanda. Baba alikuwa visiwani kwenye kambi ya dagaa, kwa hiyo Mama ndiye aliyempeleka zahanati. Wakampa vidonge vya salfa, vile vikubwa vyeupe, vimefungwa kwenye karatasi. Wakamwambia Mama mtoto amalize dozi.

Mama yangu alikuwa mtu wa kushika neno. Ukimwambia amalize, anamaliza. Alivifunga kwenye pindo la kanga yake, akawa anampa kwa wakati, asubuhi na jioni, akimsimamia mpaka ameze. Na dawa ikafanya kazi, tusiisingizie. Kikohozi kikapungua, Nyamizi akaanza kunituma maji na kunitukana, tukajua amepona.

Vidonge vikiwa vinakaribia kwisha, joto likarudi. Asubuhi moja Nyamizi aliamka macho mekundu kama aliyekaa kwenye moshi, midomo imevimba, akasema uji unamchoma. Kesho yake kifuani na mgongoni kukatoka madoa, mengine mekundu, mengine yana weusi katikati. Madoa yakainuka yakawa malengelenge.

Mnadhani tulishtuka? Tulifurahi.

"Si mnaona?" Bibi alisema, anapiga paja. "Dawa imeukuta ugonjwa wenyewe. Klorokwini inautoa kwa mwasho tu, hii inautoa mpaka unaonekana kwa macho. Hiyo ndiyo damu kali!"

Na mimi, bingwa, nikaona wivu. Niwaambie ukweli wa mtoto: niliyatazama yale malengelenge nikaona kama shanga. Mimi nilikuwa nimejikuna msimu baada ya msimu na ngozi yangu haikuwahi kutoa kitu cha kuonyesha wageni. Huyu kameza vidonge vya kikohozi tu, kashinda. Jioni Mama akampa kidonge chake kama kawaida, akakipondaponda kwenye kijiko kwa sababu koo lilikuwa linamuuma.

Asubuhi iliyofuata majirani wakaja na magunzi. Mama Shija, jirani wetu wa karibu, ndiye aliyetangulia, anacheka kutokea njiani. "Nasikia hapa kuna ugonjwa unahama na mizigo yake!" Nyamizi alikuwa amekaa mkekani chini ya dirisha, kanga imelegezwa mabegani. Sisi watoto tumejipanga ukutani kutazama. Bibi akashusha gunzi lake bora kuliko yote, akakaa nyuma yake.

"Sogea mjukuu wangu, nikusaidie."

Akalipitisha begani. Mara moja tu, tena taratibu.

Nyamizi alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Na ngozi ikaondoka na gunzi. Mmeshawahi kumenya nyanya iliyopitishwa kwenye maji ya moto? Hivyo hivyo. Chini yake pakabaki pekundu panametameta.

Bibi akabaki ameshika gunzi hewani. Mama Shija akasema, ila sasa bila kucheka, "Ndiyo inajivua hiyo. Ngozi ya ugonjwa inakwenda, chini inakuja mpya."

"Eeh," mwingine akaitikia. "Nyoka naye si anajivua gamba?"

Mimi sikuwa namtazama Bibi wala wao. Nilikuwa natazama mikono ya dada yangu. Ilikaa mbali na mwili wake, imetanuka kama mabawa ya kuku kwenye joto, isiguse mbavu, isiguse mapaja, isiguse kanga. Kitu kikanijia kichwani, na kilipofika kichwani kilikuwa kimeshatoka mdomoni.

"Bibi, huyu hajikuni."

"Nini?"

"Nyamizi. Hajikuni. Tangu jana sijamwona anajikuna hata mara moja."

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

"Lakini mwasho hauachii mikono, Bibi! Mimi naujua!"

Mama Shija akasema, "Mtoto huyu ana mdomo." Mama akanikonyeza nitoke nje. Sikutoka. Sijui kwa nini sikutoka, maana kofi la Bibi lilikuwa zito na nilikuwa nalifahamu. Lakini katika nyumba ile, kwenye jambo lile moja, hakuna aliyenizidi. Wangekuwa wanazungumzia ng'ombe ningenyamaza.

Bibi akaweka gunzi chini. Akachukua mkono wa Nyamizi, akaushika kwenye ncha za vidole, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kucha. Nilijua anatafuta nini. Mtu aliyewashwa ana uchafu wa ngozi yake chini ya kucha, na damu kidogo. Kucha za Nyamizi zilikuwa safi kama za bibi harusi.

"Nyamizi," akasema, "unawashwa?"

Dada akatikisa kichwa.

"Unasikia nini?"

Ilimchukua muda, midomo ilikuwa imeshikana. "Moto," akasema. "Bibi, naungua."

Sasa fikirini. Tangu jana tunasherehekea, tunaita watu, tunasifu damu, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemuuliza mwenye mwili anasikia nini.

Bibi alisimama. Alikuwa mwanamke mnene na mara nyingi alihitaji mtu wa kumvuta, lakini siku hiyo alisimama mwenyewe. "Leteni kitanda," akasema. "Na wanaume wanne. Tunavuka Mwanza."

"Mama," mama yangu akasema kwa sauti ya kunyenyekea, "kwa nini tusirudi kwanza zahanati? Na dozi bado kidogo."

"Huyu mtu anachubuka kama nyanya, wewe unaniambia dozi?"

Walimlaza kwenye kitanda cha kamba. Mkeka ulikuwa unang'ang'ania mwili, shuka linang'ang'ania, kwa hiyo Mama Shija, yule yule, alikimbia kwenye migomba yake akarudi na majani mabichi kifua kizima, akayapangusa moja moja na kuyatandika upande laini juu. Hapo Nyamizi ndipo alipopumua. Wanaume wakambeba mpaka Kamanga. Mimi nilifuata bila kuitwa, na hakuna aliyenirudisha.

Kwenye kivuko watu walitupisha, halafu wakatuzunguka.

"Jamani, mmemmwagia maji ya moto?" mama mmoja mwenye ndoo za samaki akauliza.

"Maji amwagiwe na nani?" Bibi akamjibu. "Mimi?"

Mwanaume mmoja mwenye fimbo ya kuswagia ng'ombe akatikisa kichwa. "Huo si ugonjwa wa hospitali. Mtu katupiwa kitu huyo. Mngeshuka mkatafute mganga."

"Shuka wewe ukamtafute. Sisi tunavuka."

Watu wakacheka, yule akaenda kusimama upande wa pili. Kivuko kikaondoka. Upepo wa ziwa ukaanza kumchoma Nyamizi macho, Mama akamkinga kwa kanga yake, ameshika pande mbili, kama anayeanika. Na ile kanga ilipokuwa mikononi mwake akaliona pindo lililofungwa, akakumbuka kwamba dawa ya asubuhi haikumezwa.

Akafungua. Akatoa kidonge, akaomba maji kwa yule mama wa samaki, akaanza kukiponda kwenye kifuniko cha chupa. Nilimtazama Nyamizi. Hakuweza kusema, lakini alibana midomo ile iliyopasuka mpaka ikatoa damu.

"Fungua mwanangu. Bado kidogo tu umalize."

Bibi akaishika mikono yote miwili ya mama yangu. Sikuwahi kumwona akimshika mkwewe kwa upole vile. "Acha," akasema. "Kisubiri hicho. Kama ni kizuri, hakitaoza mpaka tufike. Tukawaulize wenye dawa."

"Walisema amalize."

"Walisema hawajamwona hivi."

Mama akavifunga vilivyobaki, maji meupe akayamwaga ziwani.

Hospitalini mjini tulipokelewa na muuguzi mmoja mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya kufokea watu. Alimwamkia Bibi shikamoo, akainua jani moja la mgomba, akalirudisha polepole, na sauti yote ya kufoka ikamwisha.

"Amekula dawa gani?"

"Hajala dawa mbaya," Mama akajitetea. "Ni hizi za hospitali."

"Naomba nizione." Alivitazama vile vidonge kwenye pindo. "Leo umempa?"

"Asubuhi alishindwa kumeza. Kwenye kivuko bibi yake akakataa."

Muuguzi akamgeukia Bibi. "Umefanya vizuri, mama. Hii dawa mwili wake umeikataa. Watu wengi wanakunywa wanapona, huyu hapana. Asiinywe tena maisha yake yote, wala ndugu zake wasiinywe. Na popote atakapokwenda kutibiwa aseme kabla hajaandikiwa kitu."

"Lakini klorokwini nayo inatutoa jasho la kujikuna," Bibi akasema, na nilijua anatetea elimu yake kidogo, "na tunapona."

"Ile ya kuwasha bila alama inakusumbua, inapita. Hata hiyo nenda ukaseme. Lakini dawa yoyote ikikutoa malengelenge, au midomo na kinywa vikachubuka, au macho yakawa mekundu, au uso ukavimba, au pumzi ikabana, hapo hakuna cha kumaliza dozi. Unaacha kumeza, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, na karatasi ya dawa mkononi. Usingoje kesho."

Bibi akamwambia arudie. Akarudia. Bibi akanigeukia mimi: "Umesikia? Sema." Nikasema yote, bila kukosea, na nimeyasema hivyo hivyo kwa wanangu na wakwe zangu na wajukuu, na sasa nimewaambia ninyi. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hilo somo hata leo niamsheni usingizini.

Kisha wakamchukua Nyamizi, mlango ukafungwa. Mama akabaki naye. Bibi na mimi tukaenda kulala kwa mama mdogo, Mabatini. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Kila siku Bibi alikwenda, akarudi, akakaa kwenye kigoda, na nikimuuliza anasema "yupo." Kila siku "yupo." Alikuwa haongei na mtu, hata chakula cha mama mdogo, ambacho zamani asingekosa kukisema kina chumvi, alikila kimya kimya. Nilianza kuliogopa lile neno. Nikawaza, siku atakayorudi asiliseme, ndiyo basi.

Siku moja akaniambia nioge. Akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanivika gauni la mtoto wa mama mdogo. "Twende," akasema. Sikuuliza. Mtoto anapopakwa mafuta bila kuelezwa anafikiri mabaya. Nilivyojua mimi, watu wanaoga na kuvaa vizuri kwa mambo mawili, na harusi haikuwepo.

Yule muuguzi mfupi alitufungulia kwa upendeleo, akaninyooshea kidole: "Usiguse kitu." Wodi ilikuwa ndefu, inanuka dawa ya kusafishia. Mwisho kabisa, karibu na dirisha, nikaiona kanga ya Mama. Mbele yake kulikuwa na kitu kirefu kimeinuka juu ya kitanda, kimefunikwa shuka jeupe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kichwa kilichoonekana. Mama ameinama pembeni yake.

Nilikuwa nimeshaona jeneza. Hakuna aliyenieleza kwamba mtu aliyechubuka hawezi kuguswa na shuka, na kwamba kwa hiyo walikuwa wamempindia vyuma juu ya kitanda kama tao, shuka likae huko juu na yeye chini yake salama.

"Nyamizi weee! Dada yangu weee!"

Nilijitupa sakafuni. Nililia kilio cha msibani hasa, kile tulichojifunza kwa wakubwa, cha kumtaja marehemu na sifa zake. Nikataja shingo yake. Nikataja kuku. Mama mmoja aliyefungwa mguu kwa plasta, ambaye hakutujua kabisa, akaanza kulia na yeye, na wa kitanda cha pili akapokea. Muuguzi anakuja mbio, Bibi ananivuta mkono, Mama anasema "Nyamaza, nyamaza," lakini anacheka, na mimi nikaona mama yangu amerukwa na akili kwa uchungu.

Ndipo kutoka chini ya lile shuka ikatoka sauti. Ilikuwa kavu, inakwaruza, kama mlango wa ghala. Ilikuwa haijasema neno tangu kwenye mkeka.

"Bibi," ikasema. "Mtoeni huyu nje. Ananiaibisha kwa watu."

Bibi alikaa chini pale pale sakafuni, miguu mbele, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mama akainua ukingo wa shuka. Nikamwona dada yangu, mabaka meupe na meusi, mdomo una magamba, ananitazama kwa hasira. Alikuwa analia, mabega yanacheza, ila machozi hayakutoka. Hayajawahi kurudi vizuri. Mpaka leo huko aliko Sengerema na wajukuu zake anatia dawa ya macho, na msibani analia kavu, wasiomjua wanasema ana roho ngumu. Mama akampangusa mashavu vilevile, kana kwamba yameloa.

"Umesikia mgonjwa," muuguzi akaniambia, akanishika sikio.

Nikatolewa nje. Wenzangu, nimeolewa kwa vigelegele, nimebatizisha watoto, nimejenga nyumba kwa dagaa. Sijawahi kuwa na furaha kama siku ile niliyofukuzwa kwa kuvutwa sikio.